Askari wa Bula Matari: Jeshi Lililokuwa Polisi wa Kongo

Katika jiji la Brussels, hatua chache kutoka jengo la kale la soko la hisa, ipo njia fupi iitwayo Tabora. Na katika kitongoji cha Saint-Gilles cha jiji hilo hilo limesimama kumbusho la jenerali mmoja, Charles Tombeur, ambaye mfalme wa Ubelgiji alimtukuza kwa ubaroni na kumruhusu aliongezee jina lake la ukoo maneno "wa Tabora". Huko Blankenberge nako, mji wa mapumziko ulio ukingoni mwa Bahari ya Kaskazini, ipo tangu mwaka 1900 sanamu ya vijana wawili, Lippens na De Bruyne, waliouawa Kasongo, katika bara ya Kongo. Wapita njia walio wengi hawakuwa na habari na mawe hayo mpaka mwezi wa Juni 2020, sanamu za Mfalme Leopold wa Pili zilipoanza kupakwa rangi nyekundu na ile ya Ekeren, karibu na Antwerp, ikashushwa kwa winchi. Mabishano yaliyozuka wakati ule hayajesha, na kila yanaporejea hutajwa mfalme, hutajwa mpira, hutajwa mikono iliyokatwa; bali chombo kilichozitenda kazi hizo zote, jeshi lililoitwa Force Publique, hutajwa kwa mstari mmoja kisha likaachwa, kana kwamba mfalme ambaye hakuikanyaga ardhi ya Kongo hata siku moja aliifanya kadhia ile yote kwa mikono yake mwenyewe.

Sisi wa Afrika ya Mashariki hatuna udhuru wa kulisahau jeshi hilo, maana askari wake wa awali baadhi yao walitoka Unguja, vita vyake vikubwa vya kwanza vilipiganwa na watu waliosema Kiswahili, na ushindi wake uliosifiwa kuliko wote uliandikwa katika ardhi ya Unyanyembe.

Kwanza ni wajibu kueleza lilikuwa jeshi la namna gani. Ulaya inayo tangu zamani aina ya askari ambao ni wanajeshi kwa sheria na polisi kwa kazi: Ufaransa inao jandarmu wake, na Italia inao karabinieri walioundwa Turin mwaka 1814. Katika nchi hizo, hata hivyo, jandarmu ni tawi moja tu, na kando yake lipo jeshi la kulinda mipaka. Dola Huru ya Kongo, aliyoipata Leopold katika mwaka wa 1885 baada ya mkutano wa Berlin, haikuwa na anasa ya matawi mawili. Askari yule yule aliyetazamiwa kumzuia adui wa nje ndiye aliyelinda kituo cha bwana mkubwa, ndiye aliyewafunga wakosaji, ndiye aliyekwenda kijijini kudai ushuru na kukichoma moto kijiji kisipoutoa. Wenyeji waliiita dola hiyo Bula Matari, kwa jina la sifa walilompa Stanley, nao askari wake wakawa askari wa Bula Matari. Wala hapakuwa na mtu vijijini aliyewauliza kama leo wamekuja kwa upolisi au kwa vita.

Kazi ya kuliunda ilianza mwaka 1886 chini ya kapteni Léon Roger, na amri rasmi ya kuliweka ikatoka mwaka 1888, makao yake makuu yakiwa Boma, karibu na mlango wa Mto Kongo. Maafisa wote walikuwa Wazungu, wengi wao Wabelgiji pamoja na Waskandinavia na Waitaliano. Askari walitafutwa mbali: Wahausa wa Afrika ya Magharibi, na watu wa Unguja, ambao walikwisha kupata sifa ya uvumilivu katika misafara ya Stanley na waliojua kushika bunduki, kubeba mzigo na kutii mkataba. Baadaye gharama za kuwaleta watu kutoka mbali zilipozidi, dola ikageukia watu wa Kongo yenyewe, kwanza wale walioitwa Wabangala wa mtoni, kisha kila wilaya ikalazimishwa kutoa vijana wake, ambao machifu waliwatoa kwa namna wanavyotolewa watu wasiotakiwa, wakafungwa shingoni, wakapelekwa kutumikia miaka saba mahali wasipojua lugha ya jirani. Mjeledi wa ngozi ya kiboko uliwafundisha yaliyosalia.

Kwa habari za miaka ya mwanzo mwandishi wa makala hii ameegemea vitabu viwili, na ni haki msomaji ajue hivyo. Kimoja ni maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili na yakachapwa Berlin na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne iliyopita. Cha pili ni cha tabibu wa Kiingereza, Sidney Hinde, aliyekuwa kapteni katika jeshi hilo wakati wa vita vya mwaka 1892 hadi 1894, na aliyechapisha London mwaka 1897 kitabu juu ya kuanguka kwa Waarabu wa Kongo. Mmoja ni tajiri aliyenyang'anywa na wa pili ni mtumishi wa mnyang'anyi, na kila mmoja ana lake la kuficha. Hinde, kwa mfano, hupenda mno kusimulia habari za ulaji wa watu, na huzisimulia kwa uhondo unaomtia msomaji shaka; juu ya pembe za ndovu zilizochukuliwa baada ya ushindi huwa mfupi wa maneno.

Katika mambo yote yaliyolipata jeshi hilo katika miaka yake zaidi ya sabini, hakuna lililoacha mkia mrefu kama kisa cha Ngongo Lutete.

Ngongo alikuwa mtumwa tangu utotoni, akakulia katika mikono ya watu wa Tippu Tip, na kwa ushujaa wake akapewa uhuru, akapewa bunduki, akapewa nchi ya kusimamia baina ya mito ya Lomami na Sankuru, ambako alikusanya pembe na mateka kwa niaba ya mabwana zake wa Kasongo. Mji wake uliitwa Ngandu. Hinde aliuona, akaeleza ngome yake ya magogo na mafuvu ya watu yaliyopamba ncha za magogo hayo. Lakini alipofika kwenye sura ya Ngongo mwenyewe kalamu yake ikalainika, akamwandika kama mtu wa kimo cha wastani, mwenye macho makubwa yenye kope ndefu na mikono myembamba iliyomshangaza tabibu yule. Mbele ya watu wake, asema, alikuwa wa kutisha. Kando na watu alikuwa mpole na mwenye haya.

Mwaka 1887 Stanley alifika Unguja na, kwa idhini ya Leopold, akafunga mkataba na Tippu Tip kumfanya liwali wa Stanley Falls kwa mshahara wa kila mwezi. Ilikuwa ndoa ya maslahi: mfalme alihitaji muda, na mfanyabiashara alihitaji njia. Mwaka 1890 Tippu Tip, ambaye aliona mawingu kabla ya mvua, akaondoka Kongo asirudi tena, akamwacha mwanawe Sefu Kasongo na mpwawe Rashid kwenye maporomoko. Wakati huo huo upande wa Lusambo alikuwako afisa wa dola, Francis Dhanis, kijana, mwerevu, mwenye haja ya kupata jina. Ngongo alipoingia nchi ya Lusambo kwa uvamizi mwaka 1892, Dhanis akampiga. Na Ngongo, akiwa mtu wa hesabu, akatambua kwamba mabwana wapya wana bunduki bora kuliko mabwana wa zamani. Septemba ya mwaka huo akaingia upande wa dola, yeye na Ngandu yake na askari wake wote.

Sefu akaghadhibika, na ghadhabu yake ina mantiki yake. Katika kitabu cha babake, Ngongo anatajwa kama mtu wa nyumbani, aliyelelewa na kuinuliwa. Kwa kuhama kwake ilikuwa kana kwamba ufunguo wa mlango wa magharibi umetiwa mfukoni mwa mwizi. Akadai arudishiwe mtu wake. Dhanis akakataa. Sefu akakusanya jeshi na kuja hadi Lomami, akiwa amewaacha Kasongo, katika hali ya mateka, wakala wa dola aliyeitwa Lippens na msaidizi wake, sajini De Bruyne.

Hapo ndipo lilipotukia lile ambalo Wabelgiji walilijengea sanamu. Novemba 1892 Sefu alimleta De Bruyne ukingoni mwa mto ili azungumze na maafisa wenzake waliokuwa ng'ambo. Wenzake, wakitumia lugha ambayo walinzi hawakuijua, wakamwuliza kama anajua kuogelea, maana wangeweza kuwafyatulia walinzi risasi naye akajitupa majini. Akajibu kwamba anajua, walakini hawezi kumwacha Lippens mgonjwa peke yake Kasongo. Akarudi na walinzi wake. Siku chache baadaye Sefu akapigwa vibaya ukingoni mwa mto huo huo, watu wake wengi wakazama, na habari ya kushindwa ilipofika Kasongo, Lippens na De Bruyne wakauawa. Uungwana wa sajini yule haukanushiki, wala mwandishi huyu hana haja ya kumnyima sifa yake. Lakini ni vyema kukumbuka kwamba katika ukingo ule ule, upande wa dola, waliopigana walikuwa askari weusi kwa mamia pamoja na watu wa Ngongo kwa maelfu, na bila ya hao Dhanis asingeuvuka mto. Nao hawana jiwe popote.

Vita vikasonga mbele kwa haraka. Nyangwe, soko kubwa la Manyema ambalo Livingstone aliliona likiwa na shangwe kabla ya kuliona likiwa na damu, likatwaliwa Machi 1893, na Kasongo ukaangukia mikononi mwa jeshi mwezi uliofuata. Kwa maelezo ya Hinde, hata askari wa daraja ya chini walilalia magodoro ya hariri katika vitanda vya nakshi, wakakuta maghala ya mchele na kahawa, mishumaa, vikombe vya fedha, na bustani za michungwa na mikomamanga. Kumbe miji hiyo iliyosimuliwa Ulaya kuwa mapango ya wezi wa watu ilikuwa pia miji ya ustaarabu wa aina yake, iliyojengwa, naam, kwa jasho la watumwa, jambo ambalo sisi wa pwani huwa wepesi wa kulipitia kwa aya ya sifa za biriani na milango ya nakshi. Njia zote mbili, ya kuwafanya Waarabu mashetani na ya kuwafanya mawalii, zina watu wake. Na ukweli wa Manyema haumo katika mojawapo.

Sasa Ngongo amekwisha kufanya kazi aliyotakiwa. Dhanis yuko Kasongo, naye yuko kwao Ngandu, ambako maafisa vijana wa kituo hawakupendezwa na mtu mweusi mwenye askari wengi kuliko wao. Septemba 1893 wakamkamata, wakamshitaki kwa khiana mbele ya mahakama ya kijeshi waliyoiketi wenyewe, wakamhukumu kifo. Dhanis aliposikia akamtuma Hinde aende mbio kuizuia hukumu. Hinde alifika siku mbili zimekwisha pita. Aliambiwa kwamba usiku wa kuamkia kuuawa Ngongo alijinyonga katika chumba cha kifungo, asiione aibu ya kufa hadharani; walinzi wakaikata kamba kabla roho haijatoka, wakamzindua, na alipopata fahamu wakamtoa nje wakampiga risasi. Hiyo ilikuwa tarehe 15 Septemba 1893. Hinde, ambaye si mwepesi wa kuwalaumu Wazungu wenzake, aliliona jambo hilo kuwa kosa kubwa. Na mtu huweza kusoma katika maneno yake kwamba alikwisha kuona yatakayofuata.

Sefu naye aliuawa vitani kabla mwaka haujesha. Tajiri mwenzao, Rumaliza wa Ujiji, alishindwa Januari 1894, akalivuka Ziwa Tanganyika kuingia katika himaya ya Wadachi, na enzi ya watu wa pwani katika Kongo ikakoma. Tippu Tip aliyapokea hayo yote kwa barua, akiwa Unguja, katika nyumba ambayo ingali imesimama Shangani na ambayo wageni huonyeshwa na watembezaji kwa kidole, kuta zake zikiwa katika hali isiyostahili hata nyumba ya mtu asiye na jina. Alifariki Juni 1905. Hinde alihamia utumishi wa Waingereza katika Kenya, akatawala Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a, na pamoja na mkewe akaandika kitabu juu ya Wamasai.

Askari wa Ngongo walibaki bila bwana. Dola ikawachukua wengi wao na kuwaandikisha katika kikosi cha Luluabourg, mji ambao leo ni Kananga, chini ya kapteni Mathieu Pelzer, mtu mkali wa mjeledi. Walilishwa vibaya, walicheleweshewa haki zao, na hawakusahau Ngandu. Tarehe 4 Julai 1895 wakaasi, wakamwua Pelzer, wakatoka kambini wakiongozwa na sajini Kandolo kuelekea Lomami, nchi ya bwana wao. Maafisa waliliita tukio hilo maasi ya Batetela, kana kwamba lilikuwa ugonjwa wa kabila moja, hali ya kuwa waasi walikuwa wa makabila mengi na shabaha yao ilikuwa moja. Februari 1897 msafara mkubwa aliouongoza Dhanis mwenyewe kuelekea Mto Naili ukavunjika kwa namna hiyo hiyo, askari wakawaua maafisa wao na kurudi kusini wakipigana. Aprili 1900 ngome ya Shinkakasa, iliyojengwa Boma ili mizinga yake ielekee meli za adui wa nje, ikatekwa na askari wake wenyewe, wakaugeuzia mji mizinga ile. Kundi la mwisho la waasi lilikuwa bado porini karibu na mwaka 1908. Jeshi lilitumia miaka kumi na mitatu kumaliza matokeo ya risasi za asubuhi moja.

Kutoka katika maasi hayo maafisa walichukua somo ambalo liliwatosha wao: kamwe wasiwaweke watu wa kabila moja katika kikosi kimoja, na kamwe askari asitumikie kwao. Kijana wa Kasai atapelekwa Ituri, na wa Ituri atapelekwa mtoni, ili anapotumwa kukipiga kijiji asisikie kilio kwa lugha ya mamake. Kilingala kikawa lugha ya amri, na Kiswahili kikabaki na nguvu yake upande wa mashariki na Katanga.

Habari ya mpira inajulikana, na ni vizuri inavyojulikana. Askari walitumwa kuhakikisha kila kijiji kinaleta kiasi kilichowekwa. Risasi zilihesabiwa, na mkono uliokatwa ukawa ushahidi kwamba risasi haikupotea bure kwa kuwinda nyama. Balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, aliandika taarifa yake iliyochapishwa mwaka 1904, mwandishi E. D. Morel akaeneza fitina hiyo njema katika magazeti ya Ulaya, na Novemba 1908 Leopold akalazimika kuikabidhi Kongo kwa taifa la Ubelgiji. Jina la dola lilibadilika. Force Publique haikubadilika jina, wala kazi, wala mjeledi.

Vita vya mwaka 1914 vilipozuka, jeshi hilo la kulinda ushuru likatakiwa kuwa jeshi la kweli. Mwaka 1916 Jenerali Tombeur aliingia katika himaya ya Wadachi kwa brigedi mbili, moja chini ya Molitor na nyingine chini ya Olsen, ambaye alikuwa Mdenishi. Kigali ulitwaliwa mwezi wa Mei, Kigoma mwezi wa Julai, baada ya Wadachi kuizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen, ile ile iliyoibuliwa baadaye na kuitwa Liemba na kutumika ziwani hadi zama za wajukuu. Kisha brigedi mbili zikakutana Tabora. Mapigano ya Septemba katika vilima vya Itaga na kando ya reli yalikuwa makali, na usiku wa kuamkia tarehe 19 Wadachi wakauacha mji na kurudi kusini. Jenerali Crewe wa Waingereza, aliyekuwa akija kutoka Mwanza kwa matumaini ya kuutwaa yeye, akakuta bendera ya Ubelgiji imekwisha kupandishwa. Na mizozo ya nani anastahili Tabora ikaendelea katika barua za serikali mbili mpaka mji ulipokabidhiwa Waingereza mwaka 1917. Ubelgiji ilipata badala yake Ruanda na Urundi, pamoja na haki ya bandari katika Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, mahali ambapo watu wa Dar es Salaam walipaita Belbase.

Ni Tabora hiyo iliyopewa njia katika Brussels. Wapagazi walioubeba ushindi huo mabegani, wa Kongo na wa Ruanda na wa nchi yetu, walikamatwa vijijini kwa maelfu, wakafa kwa kuhara na kwa baridi ya milimani zaidi kuliko kwa risasi. Wazee wa Unyamwezi waliusimulia mwaka ule kama mwaka wa kukimbilia porini.

Mwaka 1919 serikali ilijaribu kuyatenga mambo mawili yaliyochanganyika tangu awali: vikosi vya kambini vikawa vya ulinzi na vita, na vikosi vya wilaya vikawekwa chini ya watawala kwa kazi ya polisi. Ulikuwa utengano wa karatasini, kwa sababu askari walikuwa wa jeshi moja, wenye sare moja na kamanda mmoja. Katika vita vya pili walikwenda Uhabeshi, na Julai 1941 jenerali wa Kitaliano Gazzera akajisalimisha kwao huko Saïo. Waliporudi nyumbani walikuta kila kitu kilipokuwa. Februari 1944 kikosi cha Luluabourg, kambi ile ile ya Pelzer, kikaasi tena, safari hii kwa sababu ya uvumi kwamba sindano za chanjo ni sumu. Na askari anayeamini kwamba mkuu wake aweza kumtia sumu amekwisha kutueleza yote tunayohitaji kujua juu ya wakuu wake.

Kwa hiyo mambo ya Julai 1960 yaliwashangaza wasiosoma tu. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni ikiwa na jeshi la askari wapatao 25,000 na maafisa zaidi ya 1,000, na katika maafisa hao hapakuwa na Mkongo hata mmoja. Kamanda alikuwa Luteni Jenerali Émile Janssens, mtu mwaminifu kwa kazi yake na kipofu kwa zama zake. Askari walikuwa wameona katika wiki hiyo makarani wakigeuka mawaziri, nao wakauliza cheo chao ni kipi. Asubuhi ya tarehe 5 Julai, katika kambi ya Leopold wa Pili mjini Leopoldville, Janssens aliwakusanya, akachukua chaki, akaandika ubaoni kwa Kifaransa kwamba kabla ya uhuru ni sawasawa na baada ya uhuru. Alidhani amefundisha nidhamu. Jioni ile ile kambi ya Hardy, katika Thysville, ikaasi, na moto ukaenea nchi nzima. Ilikuwa imepita miaka 65 na siku moja tangu Luluabourg ya kwanza, na waziri mkuu aliyetakiwa kuuzima moto huo, Patrice Lumumba, alikuwa mtoto wa Watetela wa Sankuru.

Lumumba alimwachisha Janssens kazi, akamweka Victor Lundula, sajini wa zamani, kuwa jenerali, na karani mmoja wa zamani wa jeshi aliyekuwa amegeukia uandishi wa habari, Joseph Mobutu, akamfanya kanali na mnadhimu mkuu. Jeshi likaitwa Jeshi la Taifa la Kongo. Janssens, husimuliwa, alipofika Brussels alikwenda mbele ya sanamu ya Leopold aliye juu ya farasi, akapiga saluti, akamshitakia mfalme kwamba kazi yake imeharibiwa. Mwisho wa mwaka Lumumba alikuwa mfungwa katika kambi ile ile ya Hardy, na tarehe 17 Januari 1961 akasafirishwa Katanga, akapigwa risasi usiku na askari walioamrishwa na afisa wa Kibelgiji aliyeitumikia jandarmeri ya Tshombe, mtawala wa Katanga iliyojitenga. Jino lake, lililofichwa Ubelgiji kwa miaka mingi, lilirudishwa kwa jamaa zake Juni 2022.

Yaliyofuata yako karibu mno na macho yetu. Majandarmu wa Katanga walikimbilia Angola, wakarudi kwa silaha katika Shaba, yaani Katanga ile ile, mwaka 1977 na mwaka 1978. Mobutu, aliyekuwa sasa rais, mwaka 1972 aliwavunja polisi wa kiraia akawaingiza katika jandarmeri ya taifa, akaurejesha hivyo kwa hiari yake mchanganyiko ule aliouasisi Leopold, na raia wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, wakarudi kumwogopa mwenye sare pasi na kujua ni wa idara gani. Tangu hapo sare zimebadilishwa mara kadhaa.

Huko Ubelgiji sasa wanabishana kama mawe yao yabaki au yaondoke, na hilo ni lao. Letu ni jingine. Maisha ya Tippu Tip, kitabu cha Kiswahili kilichosimuliwa na Mswahili, ni adimu katika maduka yetu kuliko vitabu vya wageni vinavyomhusu. Waliobeba mizigo ya Tombeur wamekwisha kufa, na hata watoto wao wamebaki wachache. Lakini katika nyumba za Tabora, Kigoma na Ujiji bado mna vyeti, barua, na masimulizi aliyoyaacha babu. Mwenye kitu cha namna hiyo asikitupe wala asikiuze kwa mtalii, akipeleke Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa; na mwenye masimulizi ayaandike mwaka huu, kabla ya msimu mwingine wa mazishi.